Mto umechoka: barua zenu kuhusu tashihisi

Mwezi uliopita niliandika hapa, kwa mstari mmoja, kwamba tashihisi ni kukipa kitu sifa za mtu, kisha nikahamia kwenye habari nyingine. Barua zilizofuata zimenionyesha kuwa nilipita mbio mahali palipotaka kukaliwa. Nimechagua nane, mbili kati yake nikazijibu pamoja. Ukurasa wote wa mwezi huu ni wa tamathali hiyo moja.

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu, Korogwe. Tuliambiwa tutoe mifano mitano ya tashihisi. Niliandika: simba alinguruma, jua liliwaka, upepo ulivuma, njaa iliniuma, mlango ulinuna. Nimepata mmoja tu, ule wa mlango. Sijaelewa kwa nini huo ndio umepona.

Marahaba, mwanangu. Mlango wako umepona kwa sababu ni huo peke yake uliofanya jambo lisilo lake. Simba kunguruma ni desturi yake, hata pasipokuwa na mshairi karibu. Jua huwaka, upepo huvuma, na lugha haikuviazima chochote kutoka kwa mtu. Wewe umeona kitenzi, ukadhani kila kinachotenda kimefanywa mtu.

Nilipokuwa darasani nilikuwa na njia moja ya kupima. Kiondoe kile kitu kwenye sentensi, umweke mtu mahali pake. "Fulani alinuna." Unamwona mara moja: midomo mbele, macho pembeni, salamu yako haijibiwi. Sasa mwondoe Fulani, urudishe mlango, lakini ile midomo iache ibaki. Mlango huo haukufungwa tu, umekukataa wewe. Jaribu vivyo hivyo na "fulani alivuma" kwa maana ya upepo, uone kama kitamkaa. Kitenzi kikimkaa mtu vizuri kuliko kinavyokikaa kile kitu, umeishika tashihisi. Simba huyohuyo akiitisha mkutano wa wanyama na kumkatiza Fisi asimalize kusema, hapo amekuwa mtu, ingawa mkia anao.

Iliyobaki ni njaa, nayo inahitaji subira kidogo. Kuuma ni kazi ya mwenye meno. Bila shaka yuko mtu, zamani sana, aliyesema kwa mara ya kwanza kwamba njaa inamuuma, na waliomsikia wakayaona yale meno. Sisi hatuyaoni tena. Ndivyo yalivyo mengi tunayosema kila siku: usingizi umenichukua, homa imenishika, gari linakula mafuta, betri imekufa. Kwetu Pangani, siku zile ambazo bahari haijai sana wala maji hayaendi mbali yanapotoka, huitwa siku za maji mafu. Nimekua nikilisikia neno hilo kwa wavuvi, na nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba tulikuwa tunazungumzia kifo. Semi kama hizo zimetumika mpaka zikachakaa. Aliyekusahihisha hakukuonea kwa kuikata njaa yako, ingawa mimi ningekupa nusu alama kama ungeeleza haya.

Uzuri wake ni kwamba iliyochakaa inaweza kuamshwa. "Gari lilikataa kuwaka" limelala. Hakuna anayeshtuka akilisikia. Lakini ukisema, "Gari lilikataa kuwaka. Tukalibembeleza. Baba akalisifu mbele ya watu. Likakohoa mara moja, likanyamaza," lile kataa limefungua macho. Hukuongeza neno gumu lolote. Umekataa tu kuiacha tamathali baada ya neno moja.

Hujambo Mwalimu? Mimi hufundisha shule ya upili huku Malindi. Baadhi ya vitabu vyetu husema tashihisi, vingine uhuishi, vingine uhaishaji. Wanafunzi wanataka kujua kama ni kitu kimoja.

Assalaam alaykum, Bi Mwalimu. Mimi mzaliwa wa Unguja, niko Muscat tangu ujana wangu. Huku tashkhis nimelizoea kuwa neno la hospitali, daktari anapoyajua maradhi ya mgonjwa ni yepi. Imekuwaje kwenu likawa neno la mashairi?

Nianze na wewe kaka yangu wa Muscat, wa alaykum salaam. Neno ni lilelile moja, na Waarabu wenyewe wanalitumia kote kuwili, hospitalini na katika elimu ya balagha, yaani ufasaha wa lugha. Shina lake ni shakhs, yaani mtu, nafsi moja inayotambulika. Kutokana na shina hilo tumepata pia shakhsia. Daktari akifanya tashkhis anaitoa homa katika ujumla wake, anaipambanua mpaka iwe na jina: hii ni malaria, ile ni homa ya matumbo. Mshairi naye anakitoa kitu katika ujumla wake, anakipambanua mpaka kiwe na sura.

Barua yako imenifundisha jambo ambalo sikulifikiria miaka yote niliyofundisha. Nilizoea kusema kwamba tashihisi inaongeza, inapamba. Kumbe inachagua. "Umaskini ulitupata" ni umaskini wa kila mtu, hauna uso. "Umaskini ulihamia kwetu na mkeka wake" ni mmoja, na unajua namna alivyoingia: bila kuombwa, na nia ya kulala. Sentensi ya pili imefanya kazi ya daktari wako.

Sasa Malindi. Sijambo, mwalimu mwenzangu. Uhuishi na uhaishaji yametoka kwenye hai. Ni kukipa kitu uhai, na uhai si wa mtu peke yake. "Moto ulilamba paa": hata ng'ombe hulamba, hata paka. Hapo moto umehuishwa. "Moto ulikula kwetu, kisha ukaenda kubisha hodi kwa jirani": hakuna mnyama anayebisha hodi, kwa hiyo moto sasa ni mtu, tena mtu aliyelelewa vizuri, na adabu yake ndiyo inayotisha. Kwa namna hiyo tashihisi inakaa ndani ya uhuishi kama chumba ndani ya nyumba.

Lakini wengi wanaosahihisha huyachukua maneno hayo kuwa sawa, na sioni haki ya kumnyima mtoto alama kwa ugomvi wa majina ambao si yeye aliyeuanzisha. Waambie waandike jina moja, wanukuu mstari, kisha waeleze kitu gani kimepewa sifa gani. Maelezo ndiyo yanayobeba alama.

Mwalimu, habari za siku nyingi. Nimeandika hadithi ya watoto ambamo Jembe na Shoka wanagombana. Niliandika "Jembe akasema". Mhariri amesahihisha kila mahali kuwa "Jembe likasema", anadai nimevunja upatanisho wa kisarufi. Nani mwenye haki? Mimi niko Morogoro.

Ningependa kukujibu wewe kwa kurasa kumi. Swali lako limegusa kitu ambacho vitabu vyetu vya fasihi hukipita, kwa sababu wanaofundisha tamathali hukaa upande mmoja na wanaofundisha ngeli upande mwingine.

Mhariri wako amekumbuka kanuni: jembe ni la LI-YA, kwa hiyo linasema. Lakini kanuni hiyo ina mlango, na wazee wetu walipita hapo muda mrefu kabla ya sisi kuwa na wahariri. Chukua methali ambayo kila mtu anaijua: siri ya mtungi aijuaye kata. Kata ni kile kifuu chenye mpini cha kuchotea maji, na sarufi yake ya kila siku ni kata imevunjika, kata zimepotea. Kwa hesabu ya mhariri wako methali ingekuwa "iijuayo kata". Wazee wakasema aijuaye. Hawakukosea. Kata inaingia mtungini kila siku, inafika chini ambako jicho halifiki, na inatoka bila kusema ilichokiona. Anayeishi hivyo na mwenzake ni mtu wa ndani, shoga, mke, mtumishi wa miaka mingi. Tashihisi yote ya methali hiyo imebebwa na silabi moja, a-. Hakuna kitenzi cha ajabu pale, wala mdomo, wala machozi.

Vitendawili ndivyo hasa vinavyoishi kwa hila hiyo. "Akitokea watu wote humwona." Msikilizaji anaanza kutafuta mfalme, bwana harusi, mwizi. Jibu ni jua. "Nikimpiga mwanangu watu hucheza." Ngoma. Anayetega anajua kabisa kwamba jua hutokea kwa li- na ngoma hupigwa kwa i-, ila anakivisha kitu kiambishi cha mtu ili kipite mbele ya macho yako bila kutambuliwa. Kitendawili cha namna hiyo ni tashihisi iliyofichwa jina.

Na si mambo ya kale tu. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakaribia pwani yetu, redio ilikuwa inasema kwa sarufi safi: kimbunga kimesogea, kinatarajiwa kufika. Kwenye kibaraza cha mama anayetuuzia vitumbua asubuhi, maneno yalikuwa mengine. "Huyo Hidaya ameshafika?" "Bado, wanasema amepunguza mwendo." Hidaya ni jina la msichana unayeweza kumkuta mtaa wowote, na jina la mtu likishatolewa, upatanisho unalifuata wenyewe. Hakuna aliyekuwa anatunga shairi pale. Walikuwa na hofu, na hofu ikataka kujua inamwogopa nani.

Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi. Kuna asubuhi alizosimama ufukweni, akaangalia mawimbi, akasema, "Huyu kusi leo hana adabu," akageuka kurudi nyumbani na nyavu zake begani. Angesema "upepo una nguvu" tungesikia habari ya hewa. Aliposema huyu, hana, tulijua kwamba amekutana na mtu, amemwona alivyo, na ameamua kutobishana naye.

Sasa geuza kanga upande wa pili. Lugha inayoweza kukipandisha kitu hadi kwenye utu inaweza pia kumshusha mtu. "Jitu limekuja." "Kijitu hiki kinajidai." Yule uliyemtoa kwenye ngeli yake umemvua kitu, na wasikilizaji wote wanajua umemvua nini. Kinyume chake, tazama kijana, kipofu, kiziwi: umbo la neno ni la vitu, lakini tunasema kijana amekuja, kipofu amekaa. Hapo lugha yetu imekataa kata kata kuwahesabu watu pamoja na viatu na visu. Mimi naipenda kwa hilo.

Kwa hiyo ninyi wawili mna haki, ila si kwa kitu kimoja. "Jembe likasema" ni chombo kilichofumbua kinywa. Mpini unaonekana, chuma kinaonekana, ajabu iko palepale. "Jembe akasema" ni mhusika ambaye jina lake ni Jembe, na msomaji mtoto baada ya kurasa mbili atasahau kwamba hana miguu. Amua unataka kipi, kisha usiyumbe. Na kama una ujasiri, tumia vyote viwili kwa makusudi, mahali pamoja tu, pale utu unapoingia:

Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani tangu jana. Mama alilipita, akarudi, akalitazama. Likakohoa. "Umenisahau nje tena," akasema Jembe.

Mpelekee mhariri mistari hiyo. Akirekebisha ile akasema ya mwisho kuwa likasema, muulize amesikia nini kikipotea.

Mwalimu, tunaposema "kanga yake inasema", hiyo ni tashihisi? (Kutoka Unguja)

Imechakaa kama "gazeti linasema". Pale chini ya mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, pana maandishi, na aliyeyachagua ni mvaaji, kwa hiyo kanga ni kinywa tu. Msemaji anajulikana, na jirani aliyekusudiwa anajijua. Lakini ukisema, "Nilipopita kibarazani kwao, kanga yake ilinitazama juu hadi chini," umeiamsha, na mimi nitasoma mpaka mwisho.

Mshairi akiuambia moyo wake "ewe moyo", ni tashihisi au ni ritifaa? Huku Lamu tumebishana juzi baada ya darasa.

Zote mbili zinaweza kukaa pamoja. Ritifaa ni kumsemesha asiyekuwepo au asiyeweza kujibu. Tashihisi ni kumtendea kama mtu. Ninyi mna mfano mlangoni kwenu: katika utenzi wa Al-Inkishafi, mshairi Sayyid Abdalla anauita moyo wake, na hilo la kuita ni ritifaa. Lakini hauiti kisha akaendelea na yake. Anaukemea, anauuliza mbona haupati funzo, anaupitisha kwenye majumba ya Pate yaliyobaki magofu kama unavyompitisha mtoto mkaidi ili ajionee. Moyo ule una masikio, una ukaidi, na una muda mchache wa kujirekebisha. Huyo ni mtu.

Shikamoo Bi Mwalimu. Nyanya yetu alipofariki, binamu yangu aliandika katika tanzia "kifo katili kimemnyakua". Sheikh wetu hapa Bagamoyo alisema si maneno mazuri, ni kama kumlaumu Mwenyezi Mungu. Binamu akajibu kwamba ni tashihisi tu. Familia imegawanyika.

Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Mungu awape subira.

Kinachonisumbua ni lile neno "tu". Binamu yako ameitetea tashihisi kwa kusema haina maana, na mimi siwezi kukubali utetezi huo. Ukatili unahitaji nia. Jiwe likikuangukia halikuwa katili, kwa sababu halikukusudia. Ukisema kifo ni katili, umekipa kukusudia, na anayeamini kwamba roho hutolewa kwa amri ya Mwenyezi Mungu ana haki ya kuuliza umelipeleka wapi kusudi hilo. Sheikh aliisoma tashihisi ile vizuri kuliko aliyeiandika.

Tena kuna jambo ambalo wanafunzi wangu wengi hawakulitegemea. Usemi uleule unaweza kuwa tamathali kwa mmoja na usiwe tamathali kwa mwingine. Muislamu akisema malaika wa mauti amekuja kuchukua amana, hakupamba lugha. Anasema anachokiamini kuwa kiko. Shangazi yangu alikuwa na mbuyu mmoja njiani kuelekea shambani, na kila alipopita chini yake alibisha hodi kwa sauti ya chini. Alipotuambia, "Mbuyu hautaki kelele leo," alikuwa anatoa taarifa. Mimi nikiandika leo kwamba mbuyu ulitutaka tunyamaze, hiyo ni tashihisi, kwa sababu mimi nimepita pale mara nyingi bila kubisha. Kwa hiyo kabla hujaipa sentensi jina, muulize aliyeisema ni nani na anaishi na nini.

Kama mngeniuliza mimi, tanzia ingesema kwamba nyumba imenyamaza tangu Nyanya aondoke. Hiyo nayo ni tashihisi, na haimlaumu yeyote.

Mwalimu, mimi ni mwalimu mpya, Handeni. Tangu nifundishe tashihisi, insha zimejaa meza zinazocheka na kalamu zinazolia. Nikiuliza kwa nini meza ilicheka, wananijibu "ni tashihisi". Nifanyeje bila kuwavunja moyo?

Waulize maswali mawili: kwa nini kitu hiki, na kwa nini leo. Meza iliyocheka bila sababu iondoke. Lakini kabla hujaikata, hakikisha sababu haipo, na hapa ninakuambia jambo lililonipata mimi.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya mkoa wetu wa Tanga. Nilitoa insha juu ya kiangazi. Mvulana mmoja kutoka Hale, mkimya, akaandika: "Mto wetu umechoka." Sentensi iliyofuata ilisema: "Umefanya kazi tangu kabla sijazaliwa." Nikachora mstari mwekundu chini ya zote mbili, nikaandika pembeni kwamba mto hauchoki na haufanyi kazi, aandike mambo ya kweli.

Lazima uelewe nilikotoka. Mimi nimekulia Pangani, mahali ambapo mto huohuo unaingia baharini. Kwetu ni mpana. Kwenda Bweni, ng'ambo ya pili, tulikuwa tunavuka kwa pantoni. Maji yake hupanda na kushuka pamoja na bahari, na sikuwahi kuuona umepungua hata kiangazi kikali. Mto niliousoma katika daftari lile ulikuwa wa kwetu, na ule wa kwetu hauchoki.

Wiki chache baadaye nilisafiri kwenda Korogwe kwa mazishi, na wakati wa kurudi tulishuka Hale kwa sababu basi liliharibika. Nikatembea na wenzangu wawili hadi mtoni kunawa uso. Huko Hale kuna kituo cha kufulia umeme kilichoanza kazi 1964. Maji yanazuiwa, yanaingizwa chini ya ardhi kuzungusha mitambo, kisha yanarudishwa mtoni mbele zaidi. Pale tuliposimama sisi palikuwa na mawe, mawe makubwa meupe yaliyopaukia jua, na katikati yake maji membamba yakipita kwa kutafuta njia. Yakifika kwenye kina kidogo yanasimama. Kisha yanaendelea.

Nilikaa juu ya jiwe. Kila neno la yule mvulana lilikuwa kweli. Mto ulikuwa umefanya kazi tangu kabla hajazaliwa. Alikuwa ameuona kila siku, akatafuta neno ambalo watu wa nyumbani kwao hulitumia kwa mzee aliyerudi kutoka zamu, na lilikuwa neno sahihi kuliko yote niliyoyajua mimi. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu nyekundu na sikuwahi kuuona mto anaousema.

Jumatatu nilimwomba alete daftari. Nikakata ule mstari wangu mwekundu mbele yake, nikaandika: "Kweli." Aliisoma, akanitazama.

"Mwalimu, kwani ulifika?"

"Nilifika."

Akafunga daftari, akarudi kwenye dawati lake.